Figo la Rahma na Ile Dawa ya Pinki

Kilichonitia wasiwasi kwanza ni godoro. Homa ilikuja baadaye. Mwanangu Rahma alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu kabla hajatimiza miaka mitatu, na alijivunia jambo hilo kuliko mjomba wake anavyojivunia pikipiki yake. Halafu, akiwa na miaka minne, mvua zikiwa zimeshika Tunduma na njia za mtaa wetu wa Chapwa zimekuwa uji mtupu, godoro likaanza kulowa tena. Nilimtania. Nilimwita Bi Mto Songwe. Siku ya kwanza alicheka, siku ya pili akanuna, na siku iliyofuata akalia kwa namna iliyonifanya ninyamaze.

Naandika haya sasa kwa sababu mtoto huyo yuko hapa uani anagombana na kuku wa jirani, na kwa sababu kila baada ya muda kuna mama ananijia kizimbani kwangu sokoni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Rahma, hivi nyie mlifanyaje na yule wenu?" Nimechoka kusimulia huku napima mchele. Kama nawe una mtoto ambaye homa yake inashuka halafu inarudi, vuta kigoda. Mambo ya kitabibu siyajui, yaulize kwa wenyewe. Ninachokijua ni mabenchi ya hospitali.

Naitwa Zuhura. Kwetu ni Kondoa, lakini mpaka huu wa Zambia umenilea kama mama wa kambo aliye mwema. Mume wangu Idrisa anaendesha lori la mizigo kwenda Lubumbashi, kwa hiyo nyumbani huonekana kwa nadra kama mwezi mwandamo, na akionekana analala. Mimi nauza mchele wa Kamsamba sokoni. Kizimba kinachofuata changu ni cha Mama Tusekile, tunamwita Mama Tuse, mwanamke wa milima ya Ileje anayeuza viazi na maharage. Yeye ni Mkristo wa kuimba kwaya. Mimi ni Mwislamu wa kuchelewa adhuhuri kwa ajili ya wateja, na yeye ndiye hunifukuza: "Mama Rahma, wenzio wameshaadhini. Nenda, nitakuuzia." Watoto wake ni wakubwa na wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Rahma alijifunza kutembea akishikilia magunia yake ya viazi.

Hapa lazima nieleze desturi ya safu yetu ya vizimba, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Mtoto akishakuwa sokoni ni wa safu nzima. Mwenye ndizi atampa ndizi, mwenye karanga atamjazia kiganja, mwenye dagaa atamfuta kamasi kwa ncha ya khanga yake. Na hakuna anayekuja kukuambia. Ukimwambia mwenzio "nimempa mwanao uji", utaonekana unadai, au unamsema kwamba amemwacha mtoto na njaa. Kwa hiyo sisi tunatoa na kukaa kimya. Nimewalisha watoto wa watu pale miaka na miaka, na sijawahi kufungua mdomo. Nilikuwa naona ndiyo heshima yenyewe.

Basi, baada ya godoro ikaja homa. Ilikuwa inapanda ghafla, mtoto anatetemeka hadi meno yanagongana, kisha anatapika uji wote. Kwenye duka la dawa wakasema malaria. Tukapima kwenye zahanati, hakuna malaria. Wakanipa dawa ya kushusha homa, na kweli, kesho yake sokoni Rahma alikuwa anaruka kamba. Nikamshukuru Mungu. Wiki haikuisha, homa ikarudi. Ikashuka tena. Nikamshukuru Mungu tena, na mara hii nilishukuru kwa tahadhari.

Nikaanza kumwangalia kwa makini. Niliona kwamba katikati ya mchezo alikuwa anachuchumaa ghafla na kukalia kisigino chake, uso umekunjamana, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Nikimuuliza, "Unataka kujisaidia?" anatikisa kichwa. Alikuwa anabana. Choo cha soko letu ni cha shimo, kina giza na nzi, na wakati wa mvua unafika mlangoni maji yameshafika vifundoni. Mtoto alikuwa ameamua kwa akili yake ndogo kwamba atakuwa hanywi maji sokoni ili asiende kule. Na alipokojoa nyumbani alilia na kunishika shingo kwa nguvu. Mkojo wenyewe ulikuwa na harufu kali, wenye ukungu kama maji yaliyooshewa mchele.

Nesi mmoja wa kituo cha afya ndiye aliyechovya kikaratasi kwenye mkojo wa Rahma, akakitazama, akanitazama mimi. "Mama Rahma, huyu usimtibie dukani. Mpeleke Mbeya, wakauoteshe huu mkojo wajue kuna mdudu gani."

"Kuuotesha?"

"Ndiyo. Kama mbegu."

Nikapanda kosta alfajiri na mtoto mapajani, tukafika hospitali kubwa kule Mbeya, tukakaa kwenye benchi. Ukitaka kuwajua Watanzania, kaa kwenye benchi la watoto. Pembeni yangu alikuwapo mama wa Kisafwa mwenye mapacha, na baba mmoja kijana aliyekuwa ameshika begi la pinki la mtoto bila aibu yoyote. Kabla adhuhuri haijafika nilikuwa najua majina ya watoto wote na choo cha kila mmoja.

Daktari wetu alikuwa binti mwembamba, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, mwenye sauti ya upole. Akanielekeza namna ya kukinga mkojo: nimwoshe kwanza kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, niache wa kwanza uende zake, nikinge wa katikati, kikopo kisiguse ngozi. Nikaona ni jambo dogo. Mama mwenzangu, umewahi kumwomba mtoto wa miaka minne, anayebana mkojo kama ndiyo kazi yake, akojoe kwenye kikopo mbele ya watu?

Tulichuchumaa kwenye kona ya bafu la hospitali hadi magoti yangu yakaniaga. Nikamfungulia bomba. Nikamfanyia ile sauti tunayowafanyia watoto wachanga, "swiiii, swiiii". Mama wa mapacha akasikia kutoka nje, akaingia kunisaidia, "swiiii". Mwingine naye akaja. Mwisho mlango mzima ulikuwa umejaa wanawake wanaopiga mluzi kama nyoka, na pacha mmoja akamkojolea mama yake mgongoni. Rahma alicheka hadi akasahau kubana. Nikakinga wa katikati, nikatoka na kikopo changu nikikibeba kama kikombe cha mshindi.

Siku ya majibu tukarudi Mbeya. Daktari akasoma, akakunja uso. "Kuna usaha kwenye huu mkojo, lakini hakuna kilichoota. Mama Rahma, kuna antibayotiki mtoto anatumia?"

"Hapana, Dokta."

"Una uhakika? Hata kidogo? Maana dawa ikimpitia mtoto mara mojamoja, inamnyamazisha mdudu bila kumuua. Kipimo kinatoka kama hakuna kitu."

Nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na niliapa nikiwa mkweli. Siku hiyo Rahma hakuwa na homa. Daktari akasema nisimpeleke sokoni, nikae naye nyumbani, nimtazame, na homa ikianza tu nimlete bila kumpa kitu chochote zaidi ya dawa ya kushusha homa.

Tukakaa nyumbani. Hapo ndipo ugonjwa ulipoonyesha sura yake yote. Homa ilipanda na haikushuka. Rahma alishika ubavu wa kushoto, kwa nyuma, akasema, "Mama, hapa pana moto." Macho yalimvimba asubuhi. Mashavu yake, ambayo safu nzima ilikuwa inayabana, yaliisha kama hayakuwahi kuwapo. Akawa mwepesi mikononi mwangu, na wepesi huo ndio ulionitisha kuliko yote. Idrisa alikuwa amekwama kwenye foleni ya malori upande wa Kongo, anapiga simu kila saa na kuniuliza mambo nisiyoyajua, na mimi namjibu kwa ukali, naye anakata, kisha anapiga tena kuomba radhi. Mama yake akapiga kutoka Kondoa kusema ni jicho la watu. Nikamwambia kama ni jicho, basi nitaliona huko huko Mbeya.

Tulilazwa. Daktari yule yule akataka mkojo mpya kabla ya dawa yoyote, na mara hii Rahma hakuwa na nguvu hata za kubana. Baada ya hapo wakamweka dripu. Walimfunga mkono kwa bandeji na kipande cha boksi ili asiukunje, naye akauita "mkono wa boksi", akadai na mwanasesere wake afungwe hivyo hivyo. Nesi akamfunga. Rahma, hali midomo imekauka na kupasuka, akamwambia, "Natotela." Ni Kibemba, asante, amekiokota kwa wateja wetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nesi hakuelewa. Mimi niligeuka ukutani nikajifuta machozi.

Wakampima na altrasaundi. Figo la kushoto lilikuwa limevimba. Daktari alikaa kitandani kwetu, kitu ambacho madaktari hawafanyi sana, akaniambia taratibu, "Tumewahi, lakini si mapema sana. Likiendelea kushambuliwa hivi litabaki na kovu, na kovu la figo halifutiki. Tukishamtibu tutampima tena baada ya miezi, ndipo tutajua kama limepona au limeharibika." Nilikuwa nimeanza kumwona mkubwa kuliko mimi.

Sasa sikiliza. Jioni nesi alikuja na dawa ya kushusha homa kwenye kijiko, ya pinki. Rahma akainywa, akakunja uso, akasema mbele yetu sote, "Hii mbaya. Ya Mama Tuse ndiyo tamu."

Daktari alikuwa kitanda cha pili. Akageuka. "Ya Mama Tuse ipi, Rahma?"

"Ya pinki. Ya kwenye chupa. Nikiwa moto ananipa."

Nikachukua simu, nikatoka nje ya wodi, nikampigia.

"Mama Tuse, umekuwa ukimpa mwanangu dawa?"

"Eee, mama," akajibu kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia bei ya maharage. "Kila nikimgusa yuko moto nampa kijiko. Ilikuwa ya mjukuu wangu, ilibaki. Ikiisha naongeza maji kidogo. Si unaona homa inashuka? Vipi, imerudi?"

Nilimwambia yote aliyoyasema daktari. Sikupunguza neno. Upande wa pili nikasikia mtu akiuliza bei ya viazi na hajibiwi.

"Mama Rahma," akasema mwishoni, "nimemuua?"

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka, kwa sababu niliyemkasirikia ni mtu aliyembeba mwanangu mgongoni tangu ana miezi. Idrisa alipopiga na kusikia, yeye hakuwa na shida ya mahali pa kuiweka. "Huyo mama asimguse mwanangu tena. Umenisikia, Zuhura? Asimguse."

Kesho yake Mama Tuse alikuja Mbeya. Hakuja wodini. Alikaa nje, karibu na bomba ambapo akina mama tunafua, na viatu vyake vya tope. Aliponiona akasimama, akafungua kitenge, akatoa chupa. Lebo ilikuwa imefutika, na dawa yenyewe imechujuka kwa maji hadi pinki yenyewe imebaki kidogo tu. Nikaja kujua baadaye kwamba chupa ile ilishapita vizimba kadhaa kabla ya kurudi kwake, kila mama akimwazima mwenzie kama anavyoazima chumvi.

"Mpelekee daktari," akasema. "Labda itamsaidia kujua. Mimi sina la kusema."

Daktari alitoka mwenyewe kumwona. Hakumkaripia. Aliishika ile chupa juu kwenye mwanga, akasema, "Mama, hii ni antibayotiki. Ulikuwa unamshusha homa, lakini mdudu ulimwacha ndani, na ulimfundisha kuizoea hii dawa. Kwa mtoto mwingine itakuwa hivyo hivyo. Zilizobaki mzitupe." Mama Tuse alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, kama mwanafunzi. Kisha akaniachia kifurushi cha viazi vya kuchemsha, vingali vya moto, akaondoka bila kuomba kumwona mtoto.

Majibu yalipotoka safari hii mdudu alikuwa ameota, na dawa ya pinki ilikuwa haimwezi tena. Wakabadilisha dawa kufuata majibu. Na hapo, ndugu yangu, nikaona kitu nisichokisahau: mtoto akiamka asubuhi na kuomba ugali. Alikuwa mwembamba, nywele zimekatika upande aliolalia, mkono wa boksi umevimba kidogo, na anataka ugali na maharage. Wodi nzima ilishangilia. Mama wa kitanda cha pili alimpa maharage yake, na bila kufikiri nikamwambia nesi, "Amempa maharage," na wote wakaniangalia wakicheka.

Tulirudi Tunduma na dawa ya kumalizia, na masharti. Dawa inywewe hadi mwisho hata akiwa anaruka. Maji anywe siku nzima. Mkojo asibane, akumbushwe hata kama hajaomba. Akijisaidia asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma. Choo kigumu kisiachwe. Na homa yoyote, apimwe mkojo kwanza. Nakuandikia masharti haya kwa sababu daktari aliniambia nimwambie kila mtu, na mimi nikiambiwa niseme, huwa nasema.

Idrisa alirudi kutoka Kongo na poti la plastiki la njano lenye kichwa cha bata. Dereva mzima amevuka mipaka na bata kwenye kiti cha mbele. Tukaliweka nyuma ya magunia yangu sokoni na kulizungushia khanga, na Rahma akakubali kulitumia kwa sharti kwamba bata aitwe Shangazi.

Lakini Mama Tuse hakuwa Mama Tuse. Alikaa nyuma ya viazi vyake mikono imefungwa. Alinisalimia vizuri, alinikumbusha swala, ila Rahma akimsogelea yeye anainuka na kuanza kupanga viazi vilivyokwisha kupangwa. Mtoto akaniuliza, "Mama, Mama Tuse ananichukia?" Nikamwambia hapana. "Basi mbona hanipi kitu?"

Ilikuwa baridi imeanza, ule upepo wetu wa Juni unaopenya hadi kwenye mifupa, na nilimwona Mama Tuse akitazama miguu ya Rahma isiyo na soksi, akatazama soksi zilizokuwa kwenye kapu lake mwenyewe, alizozifuma, na hazikutoka kwenye kapu. Alikuwa anateseka. Nami nilikuwa nimemkumbuka hadi nikachoka.

Nikasimama juu ya kigoda changu, nikaita safu nzima. "Jamani, nisikilizeni! Kuanzia leo, atakayempa Rahma kitu chochote, aniambie. Hata karanga moja. Hakuna atakayeonekana anadai. Na dawa, hapana, ya aina yoyote. Mama Tuse, anza wewe. Hizo soksi."

Haijawahi kusemwa kitu kama hicho pale. Mama Tuse akatoa soksi, akamvisha mtoto taratibu, kisha akanyanyua uso na kusema kwa nguvu kama anayetoa ushahidi, "Mama Rahma! Mwanao nimempa soksi!" Muuza dagaa akaangua kicheko, muuza karanga akapaza sauti, "Na mimi nimempa karanga, moja imeanguka!" Tangu siku hiyo safu yetu ina kelele kuliko mnada. Jioni Idrisa alisikia habari hiyo, akasema, "Soksi ni sawa." Kwa Idrisa, hayo ni maneno mengi.

Msimu wa mchele mpya ulipofika ilinibidi nishuke Kamsamba. Idrisa alikuwa safarini. Nikamwomba Mama Tuse abaki na Rahma. Akakataa. Akasema niwaombe wengine. Nikamwambia wengine hawamjui mtoto akinyamaza anataka nini. Akaniuliza, "Na akiwa moto?"

"Unajua la kufanya."

Kamsamba ni joto la kuchemsha damu, na mtandao unautafuta juu ya kichuguu kama unayeotea ndege. Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu hicho, nampigia ili nimsalimie tu, simu ikaita mara moja.

"Mama Rahma, tuko kituo cha afya. Mtoto ana homa tangu asubuhi." Yeye alikuwa anaendelea, haraka haraka, hataki nimkatize. "Sijampa kitu. Maji tu, na nakuambia nimempa maji. Nimemwosha mbele kwenda nyuma, mkojo nimeukinga mimi mwenyewe, wa katikati. Nimewaambia wasimpe kitu kabla ya kupima. Mama, sijampa kitu."

Niliacha mchele kwa mwuzaji, nikapanda bodaboda hadi barabarani, halafu lori. Kote njiani nilikuwa nahesabu tasbihi kwa vidole. Nilipofika nilimkuta Mama Tuse kwenye benchi, mtoto amelala mapajani, na yeye mikono ameikalia.

"Mbona umekalia mikono?" nikamuuliza.

"Ilikuwa inataka kumpa kitu," akasema, na hapo ndipo alipolia. Nami nikalia. Rahma akaamka, akatuangalia wote wawili, akatangaza kwamba anataka Shangazi bata.

Mkojo ulikuwa safi. Ilikuwa ni koo na mafua ya baridi, basi. Baadaye kidogo tukaenda Mbeya kwa kile kipimo nilichokuwa nakiogopa tangu siku ile daktari alipokaa kitandani kwetu. Tulikwenda watatu. Daktari aliupitisha ule mtambo mgongoni kwa Rahma, akaurudisha, akaupitisha tena, na mimi na Mama Tuse tulikuwa tumeshikana mikono hadi pete zinaumiza. Figo la kushoto lilikuwa limerudi ukubwa wake, sawa na mwenzie. Kovu halikuonekana. "Endeleeni hivi hivi," daktari akasema. Mama Tuse akamwambia, "Dokta, leo nimempa ndizi," na daktari akaandika kitu kwenye faili, sijui kama ni ndizi.

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Lakini juzi, mvua zikiwa zimeanza tena, nilikuwa nampimia mchele mteja mmoja wa Nakonde, nikamwona Rahma anakuja mbio kati ya vizimba, kikombe cha plastiki mkononi, maji yanamwagikia viatu. Akasimama mbele yangu wima, kama tunavyosimama sisi tukitoa taarifa.

"Mama! Mama Tuse nimemgusa hapa," akajishika paji la uso. "Yuko moto. Sijampa dawa. Nimempa maji tu."

Nikatazama kizimba cha pili. Mama Tuse alikuwa ameegemea magunia, khanga imefika shingoni, anajaribu kunipungia kwamba si kitu. Nikafunika mchele wangu, nikamwomba radhi mteja, nikamwambia Mama Tuse avae viatu twende tukapime.